Thairoidi yangu imeonekana iko chini, nimeanzishiwa vidonge: naomba maelekezo ya kina

Mchaichai aliuliza:

Habari zenu wakuu. Majibu ya damu yametoka na daktari amesema tezi ya thairoidi, ile ya shingoni, haizalishi homoni ya kutosha. Naweka namba kama zilivyo kwenye karatasi:

TSH: 22 (kawaida 0.4 hadi 4.0)
T4 huru: 7 (kawaida 10 hadi 22)
Kingamwili za TPO: juu sana

Mwanamke, miaka 34, kilo 62, moyo hauna tatizo. Nimeandikiwa levothairoksini (homoni ya thairoidi ya vidonge) mikrogramu 50, kidonge kimoja asubuhi, nirudi baada ya wiki 6. Tayari natumia vidonge vya madini ya chuma kwa sababu ya upungufu wa damu, na kalsiamu pia.

Ninayotaka kujua: Kwa nini nisubiri wiki 6 nzima wakati uchovu ni wa leo? Nipange vipi hivi vidonge vitatu visigongane? Kuna vyakula vya kuacha? Nitameza hadi lini? Na je, nikitaka kushika mimba mwakani, kuna la kufanya mapema?

Vipimo_na_Namba alijibu:

Karibu. Nianze na namba, maana ukishazielewa hutababaika na karatasi ya pili ikitoka.

TSH haitoki kwenye thairoidi. Inatoka kwenye tezi pituitari iliyo chini ya ubongo, na kazi yake ni kuiamuru thairoidi izalishe. Thairoidi ikilegea, pituitari inapaza sauti, ndiyo maana TSH yako imepanda huku T4, homoni yenyewe ya thairoidi, imeshuka. Watu wengi wanaona 22 wakadhani homoni imezidi, wengine hata wanaacha dawa kwa woga huo. Kumbuka hivi: TSH ikiwa juu, dawa haijatosha, TSH ikizama chini ya 0.4, dawa imezidi.

Kuna wanaokuta TSH imepanda kidogo, tuseme 6, lakini T4 iko sawa. Hao mara nyingi hurudiwa kipimo baada ya miezi 2 au 3 kabla ya kuamua chochote, kwa sababu baadhi hurudi kawaida wenyewe. Wewe hauko huko. T4 yako imeshuka waziwazi, kwa hiyo dawa inahitajika.

Kingamwili za TPO zikiwa juu maana yake kinga ya mwili inaishambulia tezi yenyewe. Ni ugonjwa wa Hashimoto, uliopewa jina la daktari Mjapani Hakaru Hashimoto aliyeueleza mwaka 1912. Kipimo hiki kikishafanyika mara moja kinatosha. Kupanda au kushuka kwake hakubadilishi dozi, kwa hiyo usihangaike kukirudia. Ultrasaundi nayo si ya lazima, isipokuwa daktari akishika uvimbe shingoni au tezi isiyo sawa pande zote.

Sasa wiki 6. Nusu ya levothairoksini uliyomeza huwa bado imo mwilini siku 7 baadaye. Kwa hiyo kila kidonge kinajilimbikiza juu ya mabaki ya vilivyotangulia, na kiwango hakitulii mpaka wiki ya 5 au ya 6. Pituitari nayo inachelewa zaidi kuamini kwamba hali imebadilika. Ukipima wiki ya 2 utakuta TSH bado iko juu, dozi itaongezwa kabla ya wakati, halafu mwezi wa pili moyo unaanza kwenda mbio. Kosa la kupima mapema linatokea sana, na kila mara anayelipa ni mgonjwa.

Dozi kamili ya mtu mzima ambaye tezi yake imeacha kazi kabisa hukadiriwa kwa mikrogramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito. Kwako: 1.6 mara 62 ni kama 99. Umeanza na nusu yake. Usishtuke basi ukiongezewa hadi 75 au 100 safari ijayo, haina maana kwamba ugonjwa umekomaa. Inawezekana pia ukatulia chini ya hapo, kwa kuwa tezi inaweza kuwa bado inajikongoja kiasi. Wazee na wenye ugonjwa wa moyo huanza na 12.5 au 25, wakiongezwa polepole.

Hadi lini? Kwa Hashimoto yenye namba kama hizi, kwa kawaida ni maisha yote. Wapo ambao tezi huamka tena: waliopata uvimbe wa tezi baada ya kujifungua, au walioathiriwa na dawa kama lithiamu ya magonjwa ya akili na amiodaroni ya moyo. Na "maisha yote" hapa si hukumu mbaya. Mwaka 1891 daktari George Murray wa Uingereza alimtibu mwanamke kwa kumdunga maji yaliyotolewa kwenye thairoidi za kondoo. Mama yule aliendelea na tiba ya tezi ya kondoo na akaishi zaidi ya miaka 25 baada ya hapo. Leo ni kidonge kidogo kisicho na harufu.

Dirisha la Dawa alijibu:

Mwenzangu ameshamaliza namba, mimi nabaki kwenye kidonge.

TSH ikigoma kushuka, cha kwanza kukagua ni jinsi dawa inavyomezwa, dozi baadaye. Kidonge hiki kinahitaji asidi ya tumbo ili kiyeyuke, kisha kinafyonzwa kwenye utumbo mwembamba. Tumbo likiwa tupu, asilimia 70 hadi 80 huingia. Kukiwa na chakula, kahawa au madini, kiasi hicho kinaporomoka, na kibaya zaidi kinaporomoka tofauti kila siku. Daktari anaona TSH inapanda na kushuka bila mpango, anabaki kubahatisha.

Kwa vidonge vyako vitatu, mpangilio unaofanya kazi ni huu:

Saa 12 asubuhi: levothairoksini kwa glasi ya maji matupu. Siyo chai, maziwa, wala juisi.
Saa 1 asubuhi: kifungua kinywa, na kahawa kama unakunywa.
Saa 5 asubuhi: madini ya chuma, mbali na chai na kahawa, maana chai nayo inauzuia mwili kuchukua chuma.
Usiku pamoja na chakula: kalsiamu.

Chuma na kalsiamu vyote vinashikana na levothairoksini tumboni na kuwa donge lisilofyonzeka, linatoka na choo. Ndiyo sababu ya kuweka pengo la saa 4. Pengo hilohilo linahusu dawa za kiungulia zenye alumini au magnesiamu, sukralfeti ya vidonda vya tumbo, kolestiramini ya kushusha lehemu, na vidonge vya vitamini mchanganyiko. Soma ubavuni mwa chupa ya multivitamini, karibu zote zina chuma au kalsiamu ndani. Omeprazoli ya vidonda vya tumbo na ndugu zake wanapunguza asidi yenyewe, kwa hiyo pengo la saa halisaidii. Ukianza kuzitumia kwa muda mrefu, TSH ipimwe upya.

Zipo pia dawa zisizogusa ufyonzaji lakini zinabadilisha hesabu. Rifampisini ya kifua kikuu, kabamazepini na fenitoini za kifafa zinaifanya homoni iishe haraka. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni vinaongeza protini inayoibeba homoni kwenye damu, kwa hiyo dozi inaweza kuhitaji kupanda. Kwa upande mwingine, anayetumia wafarini, dawa ya kuzuia damu isigande, atavuja damu kirahisi zaidi kadiri thairoidi inavyorudi kawaida, na mwenye kisukari anaweza kuhitaji dawa zaidi ya sukari. Kila anayekuandikia dawa mpya ajue unameza levothairoksini.

Kuhusu vipimo vya kidonge: angalia kama boksi limeandikwa mikrogramu au miligramu. Mikrogramu 50 ni miligramu 0.05. Maboksi ya 25, 50 na 100 ya kampuni moja hufanana sana, tofauti ni utepe wa rangi tu. Soma namba kila unapochukua dawa mpya, kabla ya kuondoka dirishani. Ukibadilishiwa kampuni, dawa ni ileile ila kiasi kinachofyonzwa kinaweza kutofautiana kidogo, kwa hiyo pima TSH wiki 6 baadaye. Na usihamishie vidonge kwenye kikopo cha kupangia vidonge vya kila siku au kuviweka bafuni. Joto, mwanga na unyevu vinaila dawa hii haraka kuliko vidonge vingi. Viache kwenye pakiti yake, chini ya nyuzi 25.

Mchaichai:

Asanteni sana, nimeandika yote. Nyongeza tatu: kahawa kavu bila maziwa nayo inahesabika? Nikisahau kidonge nifanyeje? Na kama asubuhi ni vurugu, naweza kumeza usiku?

Dirisha la Dawa:

Kahawa kavu inahesabika. Maziwa yanaongeza tatizo la kalsiamu, lakini hata kahawa tupu inapunguza ufyonzaji. Dakika 30 ndiyo chini kabisa, saa 1 ni salama zaidi.

Ukisahau na ukakumbuka siku ileile, meza tumbo likiwa tupu, yaani saa 3 hivi baada ya kula. Ukikumbuka kesho yake, endelea na kidonge cha siku hiyo. Wapo madaktari wanaoruhusu kufidia kwa kumeza viwili kwa kuwa dawa inakaa mwilini muda mrefu. Hilo mwafikiane na wako, usijiamulie. Siku moja haiharibu kitu. Kinachoharibu ni kusahau mara mbili tatu kila wiki na kusema "natumia kila siku" mbele ya daktari, akaongeza dozi kwa mwili ambao kumbe haukupata hata ya kwanza.

Usiku unaruhusiwa, angalau saa 3 baada ya chakula cha mwisho. Ila kwa mpangilio wako kalsiamu inaliwa na chakula cha jioni, hivyo itabidi uihamishie mchana. Chagua wakati mmoja ubaki nao.

Kisomo:

Kwenye vyakula hofu imezidi ukweli. Kabichi, brokoli na jamaa zao zina vitu vinavyoweza kuisumbua tezi, lakini ni pale mtu anapozila mbichi kwa wingi kupita kiasi huku hana madini joto ya kutosha. Zikipikwa, kula. Soya haidhuru tezi ya mtu mwenye madini joto ya kutosha, inachofanya ni kuzuia dawa isifyonzwe, kwa hiyo iwe mbali na kidonge.

Madini joto ndipo pa kuwa makini. Upungufu wake unasababisha rovu na thairoidi kulegea, ni kweli, na mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 kwa siku. Lakini kwa mwenye Hashimoto, kumwaga madini joto zaidi hakuiamshi tezi. Yakizidi yanaweza kuizima kabisa. Chumvi ya kawaida yenye madini joto inatosha; unga wa mwani wa baharini na matone yanayouzwa kama "kiamsha thairoidi" achana nayo. Kopo moja linaweza kuwa na mara nyingi ya mahitaji ya siku.

Jambo ambalo hata watu wa afya husahau: bayotini, ile vitamini ya nywele na kucha. Nywele zikikatika kwa sababu ya thairoidi, mtu anakimbilia bayotini, na bayotini hiyo inavuruga mashine za maabara. TSH inasomeka chini kuliko ilivyo na T4 inasomeka juu, mtu anaonekana amezidisha dawa wakati bado amepungukiwa. Iache angalau siku 2 kabla ya kutoa damu, na useme maabara kama unaitumia.

Huo upungufu wako wa damu nao uulizie chanzo. Thairoidi ikiwa chini huongeza hedhi, na hedhi nzito inamaliza chuma. Lakini Hashimoto pia hutembea na magonjwa mengine ya kinga: kushindwa kufyonza vitamini B12, na ugonjwa wa siliaki ambapo utumbo hauvumilii gluteni. Vyote hivyo huleta upungufu wa damu, na siliaki humfanya mtu ahitaji dozi kubwa ya levothairoksini bila sababu inayoonekana.

Mkunga Mwandamizi:

Dada Mchaichai, swali la mimba umeliuliza wakati mzuri, wengi hulileta wakiwa na wiki 10 tayari.

Kabla: usiache uzazi wa mpango mpaka TSH iwe chini ya 2.5 na imetulia. Thairoidi iliyo chini huvuruga upevukaji wa yai na huongeza hatari ya mimba kuharibika.

Mimba ikiingia: mtoto hutegemea homoni ya mama katika miezi ya mwanzo, kwa kuwa tezi yake huanza kuzalisha karibu wiki ya 12, na hata hapo kwa kiasi kidogo. Mahitaji yako yanapanda ndani ya wiki chache, kabla hata kliniki ya kwanza. Kwa hiyo kubaliana na daktari mapema, iandikwe kwenye kadi yako: siku kipimo cha mimba kikionyesha ndiyo, unatoka vidonge 7 kwa wiki kwenda 9. Yaani siku mbili, mfano Jumatatu na Alhamisi, unameza viwili. Kisha damu ipimwe haraka, na irudiwe kila wiki 4 hadi katikati ya mimba, halafu tena karibu na wiki ya 30.

Vidonge vya chuma vya wajawazito vina pengo lilelile la saa 4. Hapa ndipo wengi hukosea, maana kliniki hutoa vidonge hivyo na mama anavimeza vyote asubuhi kwa pamoja ili asisahau. Ukijifungua, rudi kwenye dozi ya kabla ya mimba na upime TSH wiki ya 6. Kunyonyesha hakuna shida.

Vipimo_na_Namba:

Niongezee matarajio, maana kukata tamaa kunaanzia hapa. Dalili hazirudi nyuma zote kwa pamoja. Baridi, uvimbe wa uso na choo kigumu huanza kupungua ndani ya wiki chache. Uchovu na kusahausahau huchukua mwezi au miwili. Nywele ndizo za mwisho: unywele ulioanza kufa miezi iliyopita utadondoka tu, hata dozi ikiwa sahihi, na mpya unahitaji miezi kadhaa kuonekana. Lehemu ikiwa juu sasa, omba ipimwe tena TSH ikishatulia kabla ya kuanza dawa zake. Mara nyingi hushuka yenyewe.

Uzito: sehemu inayotokana na thairoidi huwa kilo 2 hadi 5 hivi, nyingi ni maji na chumvi. Zaidi ya hapo chanzo ni kingine. Kujiongezea kidonge ili upungue ni kucheza na moyo na mifupa. Dozi ikizidi utaona mikono inatetemeka, usingizi unakata, choo laini mara kwa mara, jasho, moyo kudunda ovyo. Ukiona hayo, piga simu usogezewe tarehe ya kipimo. Maumivu ya kifua usiyasubirishe, nenda siku hiyohiyo.

Kuna hali mbili adimu za kujua. Ukianza dawa halafu ukawa unazimia, unatapika, presha inashuka na ngozi inakuwa nyeusi kuliko kawaida, huenda tezi za juu ya figo nazo zimelegea. Hizo lazima zitibiwe kwanza, kabla ya thairoidi. Na mtu aliyeacha dawa muda mrefu akawa baridi mwili mzima, anasinzia, maneno hayaeleweki na anapumua polepole, huyo ni wa kukimbizwa hospitali, asifunikwe blanketi akasubiriwa apate nafuu.

Mchaichai:

Nimeelewa. La mwisho: asubuhi ya kipimo nimeze kwanza au nipime kwanza?

Vipimo_na_Namba:

Pima kwanza. T4 huru hupanda kwa saa chache baada ya kumeza, kwa hiyo kidonge cha asubuhi kinaweza kuifanya ionekane nzuri kuliko ilivyo. TSH haiguswi na kidonge kimoja, ila yenyewe hupanda usiku na kushuka mchana, hivyo nenda asubuhi kila safari ili namba zilinganishike. Huhitaji kufunga kula kwa kipimo hiki, lakini kidonge chako kinahitaji tumbo tupu: kibebe, toa damu, kimeze papo hapo na maji, kisha subiri saa 1 ndipo ule. Kwenye fomu ya maabara andika dozi, tarehe uliyoianza na kampuni iliyotengeneza.